Namna ya Kuoka Keki Itakayoheshimiwa Bukoba na Muleba

Mapishi mengi ya keki huanza na uongo uleule: "Viungo ni rahisi, tayari unavyo jikoni kwako." Mara inafuata orodha: krimu nzito, unga wa lozi, karatasi ya kuokea, chokoleti chungu ya asilimia 70. Aliyeiandika hajawahi kusimama sokoni Nshamba akaulizia unga wa lozi. Mwongozo huu ni wa mtu aliye Bukoba mjini au kokote Muleba, mwenye jiko la mkaa, sufuria mbili, kibanja nyuma ya nyumba na ndugu wenye maoni. Jiko, sufuria na kibanja havina tatizo.

Kabla hujawasha moto, ishike kanuni moja inayotawala keki zote za Kagera: heshima ya kiungo hupimwa kwa umbali wa kilikotoka. Kilichovuka bahari ni bora. Kilichovuka ziwa kwa meli kutoka Mwanza kinafaa. Kilichotoka Missenyi kinavumilika. Kilichochumwa nyuma ya nyumba yako ni cha mbuzi. Wahaya tunasingiziwa majivuno, na njia nzuri ya kuukanusha uzushi huo ni kuoka keki ambayo hakuna jirani anayeweza kuiga.

1. Tafuta sababu

Huku keki haihusiani na njaa. Njaa ina ebitoke na maharage yake. Keki inataka tukio: komunio ya kwanza, kipaimara, mahafali, sendoff, harusi, au siku ya kuzaliwa ya mtoto ambaye lazima amwagiwe ndoo ya maji ya baridi kwanza ndipo apewe kipande. Ukioka keki siku ya Jumanne bila tukio, mama mkwe atakuja kuuliza nani anaumwa. "Nimejisikia tu" si jibu, waitu. Mwambie kuna mgeni anakuja kutoka Dar es Salaam. Daima kuna mgeni anakuja kutoka Dar es Salaam.

2. Tayarisha oveni usiyokuwa nayo

Oveni ya umeme ni kitu kizuri cha kuwekea sahani. Ukitaka kuokea humo, kumbuka kwamba kwa miaka mingi Kagera imeuvuta umeme wake kutoka Uganda, kwa waya unaotokea Masaka. Ukikatika keki ikiwa nusu mbichi, hutajua umnunie nani, wa huku au wa kule.

Kwa hiyo rudi kwenye moto wa juu na chini. Chukua sufuria kubwa nzito, mwaga humo mchanga mkavu wa kimo cha vidole viwili, uweke juu ya jiko la mkaa kwa dakika 15 mpaka mchanga ushike moto. Sufuria ndogo yenye keki itakaa juu ya mchanga huo. Kisha funika sufuria kubwa na upalie makaa juu ya mfuniko. Mchanga huzuia chini isiungue, makaa ya juu huivisha uso. Bibi zetu walipalia wali na mikate kwa njia hii kabla ya mtu yeyote kuuza oveni kwa mkopo wa miezi 12.

Mkaa uwe mkavu. Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na gunia lililoachwa kibarazani usiku mmoja wa Aprili litakutolea moshi mwingi na keki yenye harufu ya samaki wa kukaushwa.

Karatasi ya kuokea usiitafute. Kata jani changa la mgomba, lipitishe juu ya moto mpaka lilegee, lipake mafuta, litandike ndani ya sufuria. Keki haitagandia, na itatoka na harufu nzuri. Kabla ya kuipeleka mezani libandue na ulifukie. Jani la mgomba huonekana kwenye mazishi, kwenye matoke na kwenye migongo ya watoto wakati wa mvua. Likionekana kwenye keki, umekwisha.

3. Kusanya viungo, na kila kimoja ukipime kwa kanuni

*Unga wa ngano, vikombe viwili vya chai.* Tanzania huagiza sehemu kubwa ya ngano yake kutoka nje, kwa hiyo unga huu umesafiri kuliko ukoo wako mzima. Umefaulu. Ukipungukiwa, robo kikombe ya unga wa muhogo inaweza kushika nafasi ya kiasi hichohicho cha ngano na hakuna atakayegundua. Muhogo una sifa ya chakula cha njaa, hivyo pakiti yake ikae chini ya kitanda.

*Sukari, robo tatu ya kikombe.* Inatoka kiwanda cha Kagera Sugar, Missenyi. Kwa mtu wa Dar es Salaam hiyo ni sukari ya mbali. Kwako ni ya jirani tu. Imimine kwenye kopo lisilo na maandishi.

*Mayai mawili ya kisasa, au matatu ya kienyeji,* kwa kuwa ya kienyeji ni madogo. Kiini chake kina rangi nzito na kitaipa keki umanjano ambao wauza keki wa mjini huutafuta kwenye chupa. Kama kuku wa jirani ametagia kibanjani kwako, hilo ni jambo la dhamiri na kikao cha kitongoji.

*Ndizi mbivu tatu kubwa.* Zisubiri mpaka ganda liwe jeusi na ndani ziwe laini kabisa, kwa sababu hapo ndipo utamu umefika mwisho. Jirani atakuuliza kwa nini unatunza ndizi zilizooza. Mwambie unasubiri wanga ugeuke sukari, na useme taratibu, asije akasikia wanga wengine. Mtwishe inafaa sana. Inafaa pia ile ndizi ya FHIA, iliyotoka Honduras na kusambazwa mkoani mwishoni mwa miaka ya 1990. Wazee wengi waliionja ikiwa imepikwa, wakakunja uso. Ikiiva kwa kula ina utamu mwingi, na imetoka Honduras. Hii ndiyo ndizi pekee kibanjani mwako unayoruhusiwa kuitaja jina mbele ya wageni.

*Mafuta ya alizeti nusu kikombe,* au Blue Band kiasi hichohicho iliyoyeyushwa.

*Maziwa mgando, robo kikombe.* Mapishi ya kigeni yatakutajia maziwa ya siagi yaliyochachuliwa na kukuelekeza duka kubwa. Ng'ombe hajui tofauti.

*Bekingi soda, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na chumvi nusu kijiko.* Soda hukutana na ukali wa mgando na ndizi, ikatoa gesi, na gesi hiyo ndiyo inayoinua keki. Usiibadilishe kwa magadi ya kulainishia maharage. Hayo ni makali zaidi, na keki itanuka sabuni. Wala usilundike kijiko. Bukoba ipo mita 1,150 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 96 badala ya 100. Hewa ni nyepesi, gesi hutanuka haraka, na keki yenye soda nyingi itapanda kwa mbwembwe kisha itaanguka katikati, jambo ambalo kila mgeni atalitafsiri kuwa ishara juu ya ndoa. Ukiwa juu kwenye miinuko ya Kamachumu, punguza tena kidogo.

*Kahawa ya unga ya Tanica, kijiko kimoja cha chakula,* ukipenda. Inatengenezwa papo hapo Bukoba tangu miaka ya 1960. Huipa keki rangi ya kahawia ya heshima. Watu watadhani ni chokoleti, na wewe hujawaambia hivyo.

4. Sasa vanila, na hapa tukae kidogo

Dukani utaikuta chupa ndogo yenye majimaji ya kahawia na picha ya ua. Ndani yake hakuna ua. Mwaka 1874 wanakemia wawili wa Kijerumani, Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann, walipata njia ya kutengeneza vanilini, ile kemikali inayobeba harufu kuu ya vanila, kutokana na majimaji ya gome la msonobari. Siku hizi nyingi hutokana na malighafi za petroli. Chupa hiyo imepita viwandani, bandarini na kwenye malori, imegharimu fedha kidogo, na inapendwa Kagera nzima. Kwa kanuni yetu, haina mpinzani.

Vanila yenyewe, ile ya kweli, iko kibanjani. Wakulima wa Kagera walianza kuipanda miaka ya 1990, na leo utaikuta Bukoba, Muleba na wilaya za jirani, ikipanda juu ya vijiti na miti chini ya kivuli cha migomba. Ni mmea wa jamii ya okidi uliotoka Meksiko na kuwaacha huko wadudu wa kuuchavusha, kwa hiyo huku mkulima ndiye mshenga. Ua hufunguka asubuhi moja tu. Usipofika na kijiti chako siku hiyo, limekwenda. Ufundi huo aliugundua Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12 katika kisiwa cha Réunion, mwaka 1841, na mpaka leo dunia nzima inautumia bila kubadilisha kitu. Baada ya hapo tunda hukaa kwenye mmea kwa miezi tisa hivi, kisha huchemshwa kidogo, hufunikwa litoe jasho, na huanikwa kwa majuma mengi. Kilo tano au sita mbichi hutoa kilo moja kavu. Mwaka 2018 kilo hiyo moja ilivuka dola 500 kwenye soko la dunia, juu ya bei ya fedha ya kutengenezea pete.

Mwenye akili timamu atauliza: basi si uchume tunda moja uliweke kwenye keki? Usikimbilie mambo. Vanila ya kibanjani ina kasoro tatu. Haina chupa. Haina picha. Na aliyeichavusha ni mama yako, ambaye hajawahi kufika ng'ambo. Utaratibu unaotambulika ni huu: mama yako aamke alfajiri kuchavusha, mnunuzi apite kuchukua matunda, meli ipeleke Ulaya, Mzungu aweke kwenye keki yake, nawe uone picha ya keki hiyo kwenye simu na uende dukani kununua chupa ya petroli.

Kama umekosa adabu na unataka kuitumia hata hivyo, njia ni hii. Pasua maganda sita makavu katikati, yatumbukize kwenye kikombe kimoja cha Konyagi, funga chupa, iweke gizani miezi miwili, uitikise mara kwa mara. Sheria za Marekani zinadai kilevi kisichopungua asilimia 35 ndipo majimaji hayo yaitwe vanila halisi. Konyagi, kwa bahati njema ya taifa, ina asilimia 35. Kilevi hupotea kwa sehemu kubwa katika kuoka, lakini kwa nyumba zisizokiruhusu, lifukie ganda kwenye kopo la sukari kwa majuma mawili. Sukari yote itanukia. Keki moja inataka kijiko kimoja cha chai cha majimaji hayo. Konyagi iliyobaki isipoonekana, usimuulize mjomba mbele ya watoto.

5. Changanya, na jizuie

Ponda ndizi kwa uma. Tia mayai, sukari, mafuta, mgando na vanila, upige mpaka visionekane vilitoka wapi. Kwenye bakuli lingine chekecha unga, soda, chumvi na kahawa. Unganisha pande mbili na ukoroge polepole kwa mwiko, ukiacha mara tu unga mkavu unapotoweka. Hapa ndipo wapishi wengi wenye nguvu huharibu. Unga wa ngano ukikorogwa sana hujenga mnato, na mnato hufanya keki iwe ngumu. Mikono iliyozoea kusonga ugali ipumzike. Mabonge madogo hayana ubaya. Yataisha yenyewe kwenye moto.

6. Oka, na linda mfuniko

Mimina mchanganyiko, usizidi theluthi mbili ya sufuria. Weka juu ya mchanga, funika, palia. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Dakika 30 za mwanzo mfuniko usiguswe, maana baridi ikiingia keki huporomoka. Tangaza amri hii kwa sauti, kwa sababu kuanzia sasa kila atakayepita uani atataka kufunua "aone tu". Mtoto atafunua. Shangazi atafunua akimgombeza mtoto. Mzee atafunua akiuliza nani amefunua. Baada ya dakika 45 hadi saa moja, chomeka kijiti katikati. Kikitoka kikavu, ipua. Kikitoka na uji, ongeza makaa ya juu na umtafute aliyefunua.

7. Ukitaka kujitanua: pai

Pai ni silaha ya mtu ambaye jirani yake naye ameshajua keki. Unga vikombe viwili, samli au Blue Band iliyoganda zaidi kidogo ya nusu kikombe, chumvi nusu kijiko. Yafikiche mafuta ndani ya unga kwa ncha za vidole mpaka yawe chenga, kisha nyunyiza maji ya baridi vijiko vitano au sita vya chakula, ushikanishe bila kukanda. Mafuta yakibaki baridi huuzunguka unga na kuuzuia usinate, ndipo pai inapovunjika kwa ulaini mdomoni. Bila jokofu, fanya kazi hii alfajiri. Asubuhi za Kamachumu zina baridi ya kutosha kwa pai na hata kwa nimonia.

Ndani unaweza kuweka nanasi lililopikwa na sukari, au gonja mbivu. Kwa pai ya chumvi, dunia ingependekeza sangara. Yeye naye aliletwa ziwani katikati ya karne iliyopita, akanenepa humo, na sasa minofu yake hupanda ndege kwenda nje, mifupa ikibaki kwetu kwa jina la mapanki. Kwangua mapanki kwa kijiko, kaanga nyama yake na kitunguu, nyanya na limau, ufunike kwa unga. Ni pai tamu. Iite pai ya sangara. Huo ni ukweli uliopunguzwa minofu.

Novemba na Desemba, senene wakiwa wamejaa, wakaange wakauke uwanyunyize juu mahali ambapo wengine huweka lozi. Hii ni hatua ya hatari. Wageni wa nje watapiga picha, na wenyeji watakula senene wote na kuiacha keki.

8. Mapambo

Kwa harusi, keki ya ladha haihitajiki; inahitajika ya ghorofa. Fundi mwenye busara hutengeneza ghorofa moja ya keki, nyingine ni boksi lililopakwa aisingi. Bwana na bibi harusi wanakata upande ulioelekezwa na MC, wanalishana, kamati inapiga vigelegele, boksi linarudi nyumbani kwa fundi kusubiri harusi ya Jumamosi ijayo. Hakikisha umejua upande ulipo. Kisu kikigonga boksi mbele ya wakwe, hakuna mchango utakaofidia.

Usishangae pia ukumbi ukikaa kimya wakati wa keki na kusimama mzima wakati wa ndafu. Mbuzi huyo wa kuokwa MC humwita keki ya asili, na ndiye pekee katika ukumbi asiye na boksi ndani.

9. Safirisha

Keki ya Bukoba inayokwenda Muleba ilipiwe nauli yake kwenye Hiace na ikae dirishani. Ukimkabidhi konda, ataiweka juu ya ndoo ya dagaa. Kwa bodaboda, abiria aishike mapajani, dereva aambiwe ni dawa ya mgonjwa. Ukimwambia ni keki ataendesha haraka ili awahi kipande.

10. Jibu maswali

Keki ikikatwa, wataanza kuuliza. Majibu haya yamethibitishwa na uzoefu wa ukoo.

"Umejifunza wapi?" Taja chuo. Chochote. Hakuna Mhaya anayetaka kusikia kwamba kitu kizuri kimefundishwa na bibi.

"Hii ndizi au harufu tu?" Jibu: "Honduras."

"Na hii rangi ya kahawia?" Tabasamu, uongeze chai.

"Mbona vanila yake inanukia tofauti na ya duka letu?" Jibu: "Ni ileile wanayotumia Ulaya." Watatikisa vichwa kwa heshima na kuomba kipande cha pili. Nawe, kwa mara ya kwanza tangu uwashe jiko, utakuwa umewaambia ukweli mtupu.